Bana Shaba na Baba Yao

Wakati wa likizo waseminari watatu wa mji wetu walikuja kutuona jioni, wakatuuliza neno moja: «Padri, watu wetu wamechagua mara nne, mwaka 2006, mwaka 2011, mwaka 2018 na mwaka 2023. Umasikini wao ni ule ule, pengine umezidi. Basi demokrasi inamfaa nini mtu mwenyi njaa?» Siku ile hatukuwajibu. Tuliwapa kitabu, tukawaambia wakisome kwanza, halafu tutaongea. Wamekwisha kukisoma, na sisi tumekisoma tena pamoja nao. Hapa tunaandika yale tuliyoyaona, mema na yenye kupunguka.

Kitabu chenyewe ni cha Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwenyi kufundisha historia kwenye Universite ya Lubumbashi. Kilipigwa chapa Paris mwaka 2001, na jina lake ni Bana Shaba abandonnés par leur père, maana yake Watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kinasimulia maisha ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga tangu mwaka 1910 mpaka mwaka 1997. Tunasikitika kwa neno moja dogo: mwanzo wa jina lake ni Kiswahili, maneno ya watu wa kambi, lakini ndani yote ni Kifaransa. Mzee wa Panda ambaye habari zake zimeandikwa mule hawezi kujisoma. Ikiwa mseminari mmoja anatafuta kazi ya likizo, agaagiwe kazi hii: atie sura mbili tatu katika Kiswahili chetu.

Ginsi mwandishi alivyofanya kazi yake, twaisifu bila shaka. Hakushika makaratasi ya kampani tu. Aliketi na wazee na wabibi wao, akawaacha waseme. Ndiyo maana mtu wa Likasi akisoma kitabu hiki anajua nyumba zile, anajua harufu ya posho.

Habari ni hii. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza iliwatafuta watu mbali, ikawafanyisha kazi kwa muda mfupi, na wengi walikufa kwa magonjwa. Kisha, karibu na mwaka 1928, kampani iliona kwamba mtu anayekuja na kurudi ni hasara. Ikaanza kumkalisha mfanyakazi pahali pamoja, na bibi yake na watoto wake. Ikampa nyumba, posho, dawa, kalasi kwa watoto, uzito wa mtoto mchanga ukipimwa kila mara. Mganga Léon Mottoulle, aliyeongoza mambo hayo, aliandika mwaka 1946 kijitabu juu ya siasa ile, na ndani yake Mwafrika ni mtoto wa kulelewa, mkubwa wa kazi ni mlezi. Watu nao walisema kwa kinywa chao: kazi njo baba, njo mama.

Hapa mwandishi anaona vizuri sana. Baba wa nyumba alipolishwa na kampani pamoja na watoto wake, yeye mwenyewe alikuwa mtoto mmoja kati ya watoto. Posho ya bibi na ya watoto ilipimwa kwa hesabu ya kampani. Mtoto asipofika kwa kalasi, baba aliitwa kujibu. Alikuwa mkubwa wa lupango kwa ruhusa ya mwingine. Na ile siku kampani ilipoanguka, baba alionekana uchi mbele ya nyumba yake.

Anguko lake tunalijua bila kitabu. Gécamines, iliyoshika kazi kisha Leta kuinyanganya Union Minière mwaka 1967, ilitoa mwaka 1986 zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka kule Kolwezi. Mwaka 1993 tani hazikufika 50,000. Mshahara ukachelewa mwezi, kisha miezi, kisha watu wakaacha kuhesabu. Bibi akaenda sokoni na beseni ya unga, na jioni bukari ilitoka katika mkono wake. Mtoto akachukua sururu. Profesa Dibwe anafuata mambo hayo hatua kwa hatua, na kurasa zile ni bora kupita zote za kitabu: baba mwenyi kuketi chini ya mwembe mchana kutwa, akiogopa saa ya kula kwa sababu atakula chakula asichokileta.

Kitabu kinafika mwaka 1997. Kilichofuata tumekiona wenyewe. Mwaka 2003 na 2004, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini. Jambo lile liliitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, wakati mtu anadai miezi mingi ya mshahara na mtoto amefukuzwa kalasini? Walipewa hesabu moja, ikaisha. Na leo shaba inatoka tena. Mwaka 2023 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2, maana yake mara nne na zaidi ya ile ya mwaka 1986. Na Benki ya Dunia yenyewe ilihesabu kwamba mwaka 2024 watu karibu 73 katika 100 wa Kongo waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Basi hatuwezi kusema tena kwamba watu ni masikini kwa sababu shaba imekosekana.

Tufike sasa kwenye ubishi wetu na kitabu. Tunamheshimu mwandishi, lakini tunaona kwamba jina la kitabu limemfunga. Akisha kusema «baba», anatazama yote kwa macho ya nyumba: nani analisha, nani anatii, nani ameacha wajibu. Kilio chake ni kwamba baba amewaacha watoto. Sisi tunauliza: je, ilikuwa vema awe baba? Baba hachaguliwi. Baba hatoi hesabu ya mfuko wake kwa watoto. Mtoto anaomba, anapewa au ananyimwa, naye hana pahali pa kushitaki. Mtu aliyefundishwa miaka 60 kusimama namna hiyo mbele ya kampani, atasimama namna gani mbele ya Leta? Atasimama namna ile ile. Akiachwa na baba mmoja, atatafuta mwingine. Na uchaguzi kwake ni siku ya kutafuta baba wa kambo.

Lugha yetu inasema mwanainchi, yaani mwana wa inchi. Haisemi mwana wa Leta, wala mwana wa kampani. Mwana wa inchi ana ndugu, na ndugu hao wakiweka mtu mmoja kushika mfuko, watamwita aje kuufungua mbele yao.

Wengine watatujibu: watu wa kambi hawakuwa na wazo hilo kamwe. Si kweli. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière wa Jadotville, yaani Likasi yetu, na wa Elisabethville walikataa kazi wakidai mshahara. Waaskari waliwapiga risasi, watu wakafa hapa na kule. Mtoto anayeomba haendi mbele ya bunduki kwa ajili ya mshahara. Wale walisema: tumefanya kazi, hesabu yetu iko wapi? Profesa Dibwe anajua habari hii kupita sisi, na tungependa angeiweka katikati ya kitabu kama nguzo.

Tena kuna mwaka 1957. Waseminari wetu hawakuijua habari hii, nasi tulishangaa. Mwezi wa Desemba mwaka ule, mbele ya inchi kupata uhuru, Wabelgiji walifanya uchaguzi wa kwanza wa komini katika Kongo, nao ulifanyika katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wanaume wenye miaka 25 na zaidi walichagua washauri wa komini zao. Wanawake hawakuitwa. Uchaguzi ule ulikuwa na ila nyingi, na mwisho mkubwa wa Kizungu alikuwa juu ya yote. Lakini mfanyakazi wa Shituru aliweka jina la mtu anayemjua, wa njia yake, kwa kazi ya komini yake.

Tutazame sasa leo. Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Katiba ya mwaka 2006 inasema mji na komini zijitawale zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka washauri wachaguliwe na watu, nao wachague burgumestri. Tarehe 20 Desemba 2023, washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Likasi si mji mkuu wa jimbo, haikuwamo. Burgumestri wetu anatoka juu, akitajwa na wakubwa. Mtu wa Kikula amemchagua Prezidenti aliye mbali zaidi ya kilometa elfu moja, na mtu wa kutengeneza mfereji ulio mbele ya mlango wake hajamchagua.

Jambo hili lingekuwa la aibu tu, kama feza hazingekuwamo. Lakini zimo. Kanuni ya migodi iliyotengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018 inagawa malipo ambayo kampani inamlipa mwenyi udongo: sehemu 50 katika 100 kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vya kesho, na 15 kwa komini au sektere ambamo mgodi unachimbwa. Sehemu hizo 15 si sadaka, ni haki iliyoandikwa. Nani anauliza habari zake katika komini isiyo na washauri? Burgumestri anajibu kwa yule aliyemtaja. Feza inaingia, na hakuna meza halali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuketi na kusema: tuonyeshe. Hapa ndipo umasikini wa muda mrefu na kura vinapofungana. Tulikuwa tunatafuta mambo makubwa, ya ulimwengu. Tuliyaona kwenye ofisi ya komini.

Mtaalamu mmoja wa India, Amartya Sen, aliyeona kwa macho yake njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943, alifundisha kwamba njaa ya kuua watu wengi haitokei katika inchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, kwa sababu wakubwa wanaogopa kelele. Ni kweli, na inafaa kujulikana. Lakini yeye mwenyewe aliona pia kwamba India huru, yenye kura, iliendelea na njaa ndogo ya kila siku. Mtoto anayekula mara moja kwa siku miaka kumi hapigi kelele, wala gazeti halimwandiki. Umasikini wa namna hiyo hauondoki kwa kura ya kila miaka mitano. Unahitaji mtu wa karibu, anayeweza kuulizwa kila juma.

Kuna hatari nyingine katika neno «baba», nayo tunaandika kwa uchungu. Chakula kikipunguka nyumbani, watoto wanaanza kuulizana: nani mtoto halisi, na nani amekuja na mama? Tangu mwezi wa Septemba 1992 hapa Likasi, na mwaka 1993 kule Kolwezi, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walikuwa wana wa watu walioletwa na kampani yenyewe tangu zamani; wengine hawakujua Kasai hata kwa safari moja. Walijaa kwenye gare na katika kalasi wakingoja treni majuma na miezi, na wengi walikufa wakingoja, watoto zaidi. Wanasiasa waliwasha moto ule, hatusahau. Lakini kuni zilikuwa kavu tayari. Mshahara wa Gécamines ulipokwisha, ilikuwa rahisi kumwambia mtu: aliyekula sehemu yako ni jirani yako. Kama watu wangezoea kumwuliza mshika mfuko, wasingelimwuliza jirani. Wakatekista wazee wanaikumbuka miaka ile, hawapendi kuisimulia. Waseminari wawaombe wasimulie.

Sasa neno kwa mapadri, na tunaanza na sisi wenyewe. Mwaka 2023, mbele ya uchaguzi, tulihubiri juu ya wale wanaouza kura yao kwa kitenge, kwa kikombe cha unga, kwa feza ya bia. Tulisema kwa nguvu, tukataja na Esau. Kisha misa mama mmoja mwenyi kuuza makala alitungoja kwenye mlango. Akasema kwa upole: «Padri, kitenge nimekiona. Barabara sijaiona tangu uchaguzi wa kwanza.» Akachukua beseni yake akaenda.

Tulirudi katika vitabu vyetu vya teolojia ya maadili. Kura ni tendo la haki kwa jumla ya watu, kuiuza ni kosa, hilo halibadiliki. Lakini hesabu ya mama ilikuwa sawa. Anajua kwamba kisha siku ile hakuna mtu atakayemjia miaka mitano, wala hana mlango wa kugonga. Kitenge ndiyo feza pekee ya Leta itakayofika mkononi mwake. Hatuwezi kuweka uzito mmoja juu ya yule anayeuza kwa sababu amenyimwa njia nyingine, na juu ya yule anayenunua na ambaye ndiye anayefunga njia zile. Mungamishi atofautishe. Akimpa mama makala malipizi, amwulize pia yule mwenyi gari, kama anakuja kuungama. Na mahubiri yetu ya mwaka ule tungeyaandika upya.

Kisha tuangalie nyumba yetu. Profesa Dibwe anasema wazi kwamba wamisionari walikuwa mkono mmoja wa malezi ya kampani. Kalasi za kambi zilikuwa mikononi mwao. Wasomaji wengine walikasirika juu ya neno hilo. Sisi hatukasiriki. Askofu de Hemptinne, aliyeongoza Eklezia ya Katanga miaka mingi mpaka kufa kwake mwaka 1958, alisimama karibu sana na Leta ya kikoloni. Lakini mwandishi angeweza kusema na upande wa pili. Mwaka 1956 Maaskofu wa Kongo waliandika kwamba wakaaji wote wa inchi wana haki ya kushiriki katika uongozi wa mambo ya watu wote. Na katika kambi za migodi zile zile Padri Placide Tempels alianza, karibu na mwaka 1953, Jamaa. Mule ndani wafanyakazi na wabibi wao waliitwa baba na mama, lakini kwa maana nyingine: mtu anamzaa mwenzake na anazaliwa naye, hakuna anayebaki mtoto siku zote. Jamaa ilipata mashaka yake na wakubwa wa Eklezia, hatutafungua habari ile hapa. Tunasema tu kwamba watu wa kambi walipoachiwa neno «baba» mikononi mwao, waliligeuza. Kitabu juu ya baba wa kambi kilistahili sura nzima juu yao.

Na wale wa mwaka 2003 vilevile. Wengi wao ni wazee sasa, wengine tumewazika. Lakini waliunda kundi lao, wakaandika barua, wakaidai Leta, wakaidai na Benki ya Dunia, wakisema: hesabu mliyotufanyia si ya sheria. Hawakushinda. Wengine walicheka: wazee hawa hawachoki? Sisi tuliona wazee waliokuwa watoto wa kampani wakijifunza, na mvi kichwani, kusema kama wanainchi. Mwandishi akipiga chapa kitabu chake upya, aongeze miaka hiyo, na pengine jina la kitabu halitatosha tena.

Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931 kwamba jambo ambalo kundi dogo linaweza kulifanya, kundi kubwa lisilinyanganye. Tunalisoma seminarini, tunalijibu kwenye mtihani, tunapata alama nzuri. Halafu tunapewa parokia, na katekista tunamweka sisi, mkubwa wa shirika tunamweka sisi, feza ya kapu tunaihesabu sisi na mlango umefungwa. Mkristu anatuita baba, nasi tunaitika.

Waseminari wetu watatu walitukamata pahali hapo. Mmoja akauliza: «Padri, hesabu ya parokia inasomwa wapi?» Haikusomwa popote. Basi tukaanza, siku ya Mungu moja kwa mwezi, kusoma mbele ya watu feza iliyoingia na iliyotoka. Mara ya kwanza walisikiliza kimya, wakapiga makofi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mama mmoja wa shirika la Kikula alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akauliza: mifuko kumi na minne ya simenti ilinunuliwa, ukuta wa sakristia umekula minane, sita iko wapi? Katekista alitutazama sisi, na sisi tulimtazama mshika mfuko. Hatukuwa na jibu. Tulimwomba mama arudi juma linalofuata, akarudi, na wenzake tisa.